Postgres ndani ya jela: mpe funguo anayoihitaji, basi

Juzi dogo mmoja ninayemwelekeza kazi kanitumia picha ya skrini saa tano usiku, chini yake maneno mawili tu, "kaka imegoma". Nikaiangalia nikaijua palepale maana hata mimi ilishanigomea hivyohivyo, na ilinila wikiendi nzima kabla sijaelewa. Ni Postgres, programu ya databesi, imegoma kuanza ndani ya jela. Mstari wenyewe huu hapa:

FATAL: could not create shared memory segment: Function not implemented

Chini yake kuna mwingine unaotaja shmget na size=56. Baiti 56 jamani. Databesi nzima inakataa kuanza kwa sababu imenyimwa baiti 56. Nikamwambia lala, kesho njoo Kijitonyama tukae tuongee, hii sio ya kuandikiana WhatsApp. Tukakaa, na alipoondoka nikaona bora niandike yote hapa, kwa Kiswahili chetu, ili na mwingine akikwama asipoteze wikiendi yake.

Kwanza kwa nini mi naweka Postgres ndani ya jela ya FreeBSD, mfumo endeshi wenye asili ya Unix. Nina mteja, mama mmoja ana duka la dawa Sinza, linafungua usiku na mchana. Zamani nilikuwa nimempangia kila kitu kwenye mashine moja mfumo mmoja: ukurasa wa kuuzia, databesi, bakapu, vyote chumba kimoja. Kulikuwa na fomu ya kupakia picha ya karatasi ya daktari, siku moja mtu akapakia faili ambalo si picha, na kupitia hapo akaweza kusoma mafaili ya mashine nzima pamoja na bakapu za databesi. Niliumia sana, na mpaka leo nikikumbuka naumia, kwa sababu dawa anazonunua mtu ni siri yake. Mtu ametoka nyumbani kwake kaenda duka la mtaa wa pili asionekane na majirani, halafu jina lake na dawa yake viko kwenye faili ambalo mtu asiyemjua analifungua. Na sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, kwaiyo sio suala la huruma yako tu, ni wajibu. Nilimwendea yule mama nikamwamkia, nikamweleza ukweli wote, akaninyamazia kidogo halafu akasema "mwanangu, rekebisha, lakini nataka kuelewa umerekebisha nini". Nikamwambia mama, databesi inapata chumba chake na mlango wake.

Hicho chumba ndio jela. Wazo lenyewe la zamani: 1979 Unix ilipata chroot, unaiambia programu "folda hii ndio dunia yako", isione kitu nje ya hapo. Tatizo la chroot ni kwamba inaficha mafaili tu, na yuza root akiwa ndani ana njia za kutoka, pia bado anaona programu nyingine zinazotembea na anagusa netiweki. Poul-Henning Kamp wa Denmark akatengeneza jela, zikatoka na FreeBSD 4.0 mwaka 2000, na humo hata root wa ndani amebanwa: haoni programu za nje, hawezi kupakia moduli kwenye keneli (kiini cha mfumo endeshi), hawezi kubadili anwani ya netiweki, hawezi kugusa saa ya mashine. Keneli ni moja kwa wote, hakuna kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, kwaiyo haikuli memori bure. Mashine ya yule mama ni kompyuta iliyotumika tuliyonunua Kariakoo, memori giga 16 na diski mbili zinazoandika kitu kilekile, inatosha kabisa.

Watu huniuliza mbona usitumie Docker, ambayo nayo hufungia programu kwenye vyumba. Docker ni nzuri na kazini naitumia. Kwa seva moja iliyokaa dukani nyuma ya kabati, ambayo mimi naenda kuiona mara moja kwa mwezi, nataka kitu ambacho nikifungua faili moja ninaona chumba kizima kimepangwaje.

Faili lenyewe ni /etc/jail.conf na la kwangu liko hivi:

db {
  path = "/jails/db";
  host.hostname = "db";
  interface = lo1;
  ip4.addr = 10.10.10.2;
  mount.devfs;
  exec.clean;
  exec.start = "/bin/sh /etc/rc";
  exec.stop = "/bin/sh /etc/rc.shutdown";
  sysvshm = new;
  sysvsem = new;
  sysvmsg = new;
}

Hiyo lo1 ni kadi ya netiweki ya kubuni, unaiwasha kwenye rc.conf kwa cloned_interfaces="lo1", haina waya wala wifi, ipo ndani ya mashine tu. Jela ya ukurasa wa kuuzia nayo inayo anwani yake, 10.10.10.3. Databesi haina njia ya kutoka intaneti hata kidogo na haihitaji, ndio maana kuifunga programu natumia pkg -c /jails/db install postgresql16-server kutoka nje, mzigo unashushwa na mashine mama (ile iliyobeba jela zote) halafu unawekwa ndani.

Sasa turudi kwenye kile kilichomkwamisha dogo, maana ndio moyo wa hii habari yote.

Postgres kwa miaka mingi ilikuwa inaweka memori yake yote ya pamoja kwenye utaratibu wa zamani wa Unix unaoitwa System V. Kuanzia toleo la 9.3, mwaka 2013, ikahamia utaratibu mwingine kwa ule mzigo mkubwa, lakini ikabakiza kipande kimoja kidogo cha System V, ambacho siku hizi ndio zile baiti 56. Dogo akauliza, kama mzigo umehama hicho kidogo kinabaki cha nini? Nikamwambia we si unapanda daladala Mwenge jioni? Mtu yuko nje bado, anarusha kitambaa dirishani kinatua kwenye siti. Kitambaa hakikalii siti, ila yeyote atakayeingia anajua hapa pana mwenyewe. Kile kipande ni kitambaa. Postgres ikianza inakiweka kuonyesha kwamba hili folda la data lina mwenyewe, na programu zake zote ndogondogo zinakuwa zimekishika. Postgres ya pili ikija kuanza juu ya folda lilelile inakuta kitambaa kimeshikwa na mtu hai, inakataa. Bila hicho ungeweza kuwa na Postgres mbili zinaandika faili moja kwa wakati mmoja, na hapo databesi yako imekwisha, hata bakapu ya kesho itakuwa inabeba uozo.

Jela ikizaliwa inakuwa imenyimwa System V yote. Ndio ile "Function not implemented", Postgres inaomba kuweka kitambaa, keneli inajibu kwamba kazi hiyo hapa haipo. Haina uhusiano na memori kujaa wala ruhusa za folda, na dogo alikuwa ameshabadilisha ruhusa za mafolda manne, ikabidi tuyarudishe.

Ukitafuta mtandaoni jibu la kwanza utakalopewa ni allow.sysvipc = 1. Na inafanya kazi! Unaweka, unawasha jela upya, Postgres inaamka, unaenda kulala. Mimi nilifanya hivyohivyo mara ya kwanza na nilikaa nayo miezi. Ubaya wake ni kwamba ule mstari haukupi System V ya kwako, unakuunganisha kwenye ya mashine nzima, jela zote na mashine mama mnatumia meza moja. Na ruhusa za ile meza zinaangalia namba ya yuza tu. Sasa kwenye FreeBSD yuza postgres ni namba 770, katika kila jela uliyofunga kifurushi hicho ni 770 ileile. Kwaiyo ukiwa na jela mbili za databesi, moja ya duka halisi na moja ya majaribio, mtu aliyeingia ile ya majaribio akiwa 770 anaona kitambaa cha ile ya duka na anaweza kukiondoa. Akiwa root wa jela ndio hata namba haimzuii. Zamani zaidi ilikuwa inaleta fujo hata bila mtu mbaya, Postgres za zamani zilikuwa zinachagua namba ya kitambaa kwa kufuata poti (namba ya mlango wa netiweki), zote mbili ziko 5432, zinakwaruzana wenyewe kwa wenyewe. Umejenga ukuta halafu ukatoboa tundu katikati, tena bila kujua kuna tundu.

Dawa ipo tangu FreeBSD 11, mwaka 2016: ile mistari mitatu ya mwisho kwenye faili langu. Neno new maana yake jela ipewe meza yake mpya, ya peke yake. Kuna inherit ambayo ni kushea na wa nje, na kuna disable ambayo ni kunyimwa. Ukitaka kuhakikisha, ingia kila jela kwa jexec upige ipcs -m, amri inayoorodhesha vipande vya memori ya System V. Ndani ya db utakiona kipande, kwenye jela ya ukurasa wa kuuzia orodha iko tupu kabisa. Mi ile orodha tupu nilipoiona mara ya kwanza nilikaa kimya nikaiangalia kama dakika nzima, nilifurahi kweli. Nawaomba mnaofundisha wengine, mkimpa mtu jibu mpeni hili la new, lile la zamani hata mwongozo wenyewe wa jail umesema limepitwa na wakati.

Cha pili kilichonikamata ni 127.0.0.1, ile anwani ambayo kompyuta hujiita yenyewe, yaani localhost. Ndani ya jela ya kawaida hiyo anwani haipo kama unavyoizoea, keneli inaigeuza kimyakimya kuwa anwani ya jela. Kuna mambo mawili yanatoka hapo. La kwanza, kwenye pg_hba.conf (faili la Postgres linalosema nani aingie na kutoka wapi) umeandika ruhusu 127.0.0.1, unajiunga kutoka humohumo ndani, Postgres inakukatalia ikisema haina mstari wa 10.10.10.2, unabaki unashangaa. Hilo ni usumbufu tu. La pili ndio la hatari: Postgres ikitoka kiwandani imeandikwa listen_addresses = 'localhost', wewe unajiambia basi iko salama, inasikiliza ndani tu. Kumbe ndani ya jela hiyo localhost imegeuzwa kuwa anwani ya jela, na kama jela yako umeipa anwani ya netiweki ya ofisi, mfano 192.168.1.20, basi kila simu iliyounganishwa na wifi ya duka inaweza kugonga poti 5432. Ndio maana mi natumia lo1. Piga sockstat -4l uone kwa macho yako inasikiliza wapi, usiamini kilichoandikwa kwenye faili.

Kwenye pg_hba nimeweka mistari miwili tu. Yuza postgres, yule mkubwa, anaingia kwa soketi ya ndani ya jela peke yake, hana njia ya netiweki. Yuza wa programu ya kuuzia anatoka 10.10.10.3 tu, kwa paswedi ya scram-sha-256, na hana ruhusa ya kufuta mauzo wala kuunda meza wala kusoma meza ya wafanyakazi. Hapa niseme wazi maana watu wanadhani jela inamaliza kila kitu: mwizi akiingia jela ya ukurasa wa kuuzia, ile paswedi ya programu ataipata, iko humo. Atakachoweza ni kile ambacho programu yenyewe inaruhusiwa. Kwaiyo ukimpa yuza wa programu ruhusa zote, umejenga jela ya bure. Kazi ya kupunguza ruhusa inachosha kuliko jela yenyewe, ilinichukua siku tatu nikipita ukurasa kwa ukurasa na dada wa kaunta akinionyesha anachofanya, ila ndio inayolinda wale wagonjwa.

Na dogo, kama unasoma, ping ikikataa ndani ya jela usihangaike, jela hainyimwi netiweki, inanyimwa soketi ghafi ambazo ping inazihitaji. Tumia nc kugonga poti.

Diski. Natumia ZFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, na folda la data nimelitengea eneo lake, recordsize=16K. Sababu ni hii, Postgres inaandika kurasa za kilobaiti 8, ZFS ikiachwa ilivyo inapanga vipande mpaka vya kilobaiti 128, sasa ukibadilisha ukurasa mmoja wa 8 inabidi kipande kizima kiandikwe upya, na kwenye diski ya kawaida utaisikia inavyohangaika. Eneo hilo jipya linazaliwa likiwa mali ya root, kwaiyo kutoka nje piga chown 770:770, andika namba, usitumie jina, maana mashine mama haimjui huyo postgres. Memori pia uigawe mwenyewe: jela inaiona memori yote giga 16 kama yake, na kashe ya ZFS (memori inayowekea mafaili yanayosomwa mara kwa mara) nayo inajiona ndio mwenye nyumba, zisipowekewa mpaka zitagombana. Mi nimeipa kashe ya ZFS mwisho giga 5 kwa vfs.zfs.arc_max, na Postgres shared_buffers giga 4, robo ya memori kama wanavyoshauri kwenye mwongozo wake. Februari na lile joto letu la Dar kile kichumba kinakuwa kama tanuri, na hata hapo haijawahi kulemewa.

Umeme sasa. Wiki ya pili tu luku ya duka iliisha saa nne usiku na betri ya akiba ikashindwa baada ya dakika kumi na kitu, mashine ikazimika ghafla katikati ya mauzo. Nilikuwa niko kwenye mwendokasi narudi Kimara, dada wa kaunta akanipigia, "kaka kila kitu kimezima, mauzo yamepotea?" Nikamwambia nunua umeme, washa, usiguse kitu. Moyo unanidunda lakini. Ikawaka, jail_enable="YES" ikaamsha jela, Postgres ikakuta faili lake la postmaster.pid limebaki la jana yake, ikaangalia kitambaa, meza ya jela ni mpya haina kitu, ikajua mwenyewe wa zamani hayupo tena, ikasoma kumbukumbu zake za WAL (daftari la kila badiliko) na ikaendelea. Mauzo yaliyokuwa yamethibitishwa yote yalikuwepo, lililokuwa katikati halikuwepo, akaliingiza tena. Ndio maana nakasirika nikiona mtu anashauri uzime fsync, ile inayohakikisha maandishi yamefika kwenye diski kweli, ili iende mbio. Kwa mji huu wetu? Usizime. Na mashine ikizimwa kwa amani, ile exec.stop inaipa Postgres nafasi ya kufunga vizuri, usiifute ukidhani ni pambo.

Bakapu ni pg_dump kila usiku saa kumi alfajiri, inaandikwa eneo ambalo jela ya ukurasa wa kuuzia haina habari nalo, na nakala iliyofungwa kwa ufunguo inatoka nje ya duka. Kila mwezi naifungua moja kwenye laptopu yangu kuona kama inafufuka.

La mwisho lilinipata bila kutegemea. Mama alinipigia asubuhi, "mwanangu, dada wa zamu ya usiku anasema kauza vizuri jana, kompyuta inasema mauzo mengine ni ya juzi." Nikaangalia. Mauzo ya kuanzia saa sita usiku mpaka kabla ya saa tisa yalikuwa yanaingia siku iliyotangulia, mengine yote sawa. Masaa matatu kamili, hapo ndio nikajua. Jela ikitengenezwa haina /etc/localtime, haijui iko Dar, inajihesabu UTC (saa ya dunia, iko nyuma yetu masaa matatu), na initdb, amri ya kuunda databesi, ilipoendeshwa humo ndani ikaandika UTC kwenye postgresql.conf. Mashine mama ilikuwa na saa sahihi muda wote, ila kujua ni saa ngapi hapa kila jela inajitegemea. Nikaiwekea jela faili lake la Africa/Dar_es_Salaam, kwenye postgresql.conf nikabadilisha timezone iwe hiyohiyo, nikapiga select pg_reload_conf(). Kwa bahati safu za muda nilizitengeneza timestamptz, aina inayohifadhi muda halisi bila kutegemea saa ya eneo, tangu mwanzo, kwaiyo hakuna rekodi iliyoandikwa vibaya, ni ripoti tu ilikuwa inakata siku sehemu isiyo yake. Nikamwambia mama afungue ripoti upya. Akakaa kimya kwenye simu nasikia anapiga hesabu kwa sauti ya chini na yule dada pembeni yake, halafu akasema imekaa sawa, hadi ile panadol ya saa nane usiku ipo kwenye siku yake.